Terminator Genisys: Filamu Iliyojinyang'anya Hofu

Mwaka 2015 Hollywood ilifufua wakongwe wake kwa pupa. Mwezi Mei George Miller, akiwa na miaka 70, alirudi jangwani na Mad Max: Fury Road, miaka 30 baada ya sehemu ya tatu ya kisa hicho, na filamu yake ikaondoka na tuzo 6 za Oscar. Mwezi Juni madinosaria wa Jurassic World walijaza kumbi za sinema kila bara na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Desemba ikafuata Star Wars: The Force Awakens, iliyovuka dola bilioni 2. Katikati ya msafara huo, tarehe 1 Julai, ikatoka Terminator Genisys, sehemu ya tano ya kisa cha muuaji wa chuma anayetumwa kutoka siku zijazo. Bajeti ilikuwa dola milioni 155, na Arnold Schwarzenegger mwenyewe alikuwemo. Mwishoni mwa juma lake la kwanza ilishika nafasi ya tatu Marekani, nyuma ya madinosaria waliokuwa na wiki ya nne sokoni na nyuma ya katuni ya Inside Out. Kumbi za Marekani na Kanada zilipomalizana nayo, ilikuwa haijafikisha dola milioni 90.

Lawama zilirushwa kila upande. Wapo waliosema Schwarzenegger, aliyekuwa na miaka 67, amezeeka mno kwa kazi ya kupiga watu ukutani. Wapo waliowakataa waigizaji wapya waliovishwa majina ya zamani. Wengine walisema watu wamechoka tu. Lakini Miller naye alikuwa amembadilisha mwigizaji mkuu, akamweka Tom Hardy mahali pa Mel Gibson, tena katika kisa kilicholala miaka mingi kuliko Terminator, na watu wakamshangilia. Uzee, sura ngeni na uchovu havitoshi kueleza kilichotokea. Kosa la Genisys limo ndani ya hadithi yenyewe, mahali ambapo fedha za picha za kompyuta hazifiki: ni filamu iliyoondoa kila kitu ambacho wahusika wake wangeweza kupoteza.

Ili jambo hilo lieleweke, inabidi kurudi mwaka 1984.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria kuu ya filamu za mapigano: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atapoteza rafiki yake mpenzi, lakini mwisho wa mkanda atasimama. The Terminator, filamu ya James Cameron, iliipindua sheria hiyo bila kumtangazia mtu. Yule mwenye misuli, mwenye sura iliyojaa bango zima, aliyekwisha kufahamika kwa Conan, ndiye adui. Mlinzi ni kijana mwembamba mwenye macho ya mkimbizi, Kyle Reese, aliyechezwa na Michael Biehn, na huyo anakufa kabla filamu haijaisha. Anayebaki hai ni Sarah Connor wa Linda Hamilton, mhudumu wa mgahawa ambaye siku chache kabla hakuwa na shida kubwa zaidi ya wateja wasumbufu na rafiki wa kiume aliyemvunjia ahadi.

Cameron alikuwa na miaka 30 filamu ilipotoka. Wazo lilimjia Roma, akiwa mgonjwa, alipoota katika homa kiunzi cha chuma kikitoka motoni. Haki zake katika skripti alimuuzia mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola moja, kwa sharti kwamba yeye ndiye ataiongoza filamu hiyo. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 6.4, fedha ndogo hata kwa enzi hiyo. Lori la mafuta linalolipuka karibu na mwisho ni kielelezo kidogo, na mashine iliyovuliwa nyama ilitengenezwa na Stan Winston na mafundi wake, ikachezeshwa kwa mikono yao. Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua vishindo vingi, Cameron alitegemea kitu kisichouzwa dukani, yaani kanuni kali zinazofuatwa hadi mwisho.

Kanuni hizo Reese anazieleza mapema. Mwaka 2029 binadamu wameshinda vita dhidi ya Skynet, kompyuta ya ulinzi iliyowageukia walioitengeneza. Katika pumzi zake za mwisho Skynet imetuma mashine nyuma kumuua mama wa kiongozi wa wapiganaji kabla hajamzaa. Reese ametumwa kumfuata. Anayepita anapita uchi, bila silaha. Hakuna wa kurudi na hakuna mwingine wa kuja, kwa hiyo ni yeye na mashine, katika mji ambao hakuna atakayewaamini. Kila risasi anayotumia ni ya kuokota na kila jeraha analopata litamdhoofisha hadi mwisho wa filamu. Ndiyo maana polisi zaidi ya kumi wanapoangushwa ndani ya kituo chao, mtazamaji anabana pumzi: amekwisha kuelezwa kwamba hakuna msaada utakaotoka popote.

Juu ya kanuni hizo Cameron akajenga fumbo la muda. Reese anamkuta Sarah, anampenda, analala naye usiku mmoja, na mtoto anayepatikana ndiye John Connor, kiongozi yule yule aliyemtuma. Picha ya Sarah ambayo Reese aliitunza vitani inapigwa mwishoni mwa filamu, kwenye kituo cha mafuta, Reese akiwa tayari kaburini, na mtazamaji anaelewa kwamba ile huzuni iliyo usoni mwake katika picha ni huzuni ya kumwazia Reese. Muda hapa ni duara lililofungwa. Skynet, kwa kujaribu kumzuia John asizaliwe, ndiyo inayosababisha azaliwe. Hakuna kinachobadilika, na uchungu wa hadithi unatoka hapo hapo.

Miaka 7 baadaye, Terminator 2: Judgment Day ilithubutu kulifungua duara. Ilibeba bajeti ya takriban dola milioni 100, ikaingiza zaidi ya milioni 500 na kushinda tuzo 4 za Oscar. Watu wengi wanaikumbuka kwa T-1000, muuaji wa chuma cha majimaji aliyechezwa na Robert Patrick, ingawa picha zake za kompyuta zinachukua takriban dakika 5 tu za filamu ya zaidi ya saa mbili. Kwa hadithi, uzito mkubwa zaidi umebebwa na mtu asiye na misuli kabisa: Miles Dyson, mhandisi wa kampuni ya Cyberdyne. Dyson ana mke na watoto, anaipenda kazi yake, na usiku mmoja anaambiwa sebuleni kwake kwamba kazi hiyo itawaua watu bilioni 3 tarehe 29 Agosti 1997. Anakwenda kuiharibu kwa mikono yake na anafia humo humo ofisini, ameshika kitufe cha baruti, akihesabu pumzi zilizobaki. Mashine nayo, iliyorudi safari hii kama mlinzi, inaomba iteremshwe kwenye chuma kinachochemka ili teknolojia yake isibaki duniani.

Kwa hiyo filamu ya pili ilibadili kanuni, lakini ililipia. Siku zijazo zinageuzika, na bei yake ni maisha ya Dyson na ya mashine ambayo mtoto John ameshaanza kuiona kama baba. Cameron hata alipiga tamati inayomwonyesha Sarah bibi kizee, ameketi kwenye bustani yenye amani mwaka 2029, kisha akaikata na kuacha barabara ya usiku isiyoonyesha inakokwenda. Tamati ile ya bustani ingebaki, pengine mwendelezo wowote ungekuwa mgumu zaidi kuuandika, na baadhi ya wapenzi wa kisa hiki mpaka leo wanaona ingekuwa heri.

Sehemu zilizofuata hazihitaji maneno mengi. Terminator 3: Rise of the Machines ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Jonathan Mostow, ilidai kwamba vita viliahirishwa tu, jambo lililofanya kifo cha Dyson kionekane cha bure; lakini ilikuwa na ujasiri wa kumaliza kwa mabomu ya nyuklia yakianguka kweli. Terminator Salvation ya 2009 iliingia moja kwa moja vitani ikiwa na Christian Bale, vumbi jingi na rangi ya kijivu, na ikasahaulika upesi.

Ndipo ikaja Genisys, na haki inataka isemwe kwamba inaanza na wazo zuri kuliko hizo mbili. Waandishi wake, Laeta Kalogridis na Patrick Lussier, walimrudisha mtazamaji usiku ule ule wa 1984 na kuukuta umevurugwa. Reese, sasa akiwa Jai Courtney, anatua Los Angeles akitarajia kumwokoa mhudumu wa mgahawa aliyejaa hofu. Anakuta T-1000 anamngoja akiwa amevaa sare ya polisi, na anayemwokoa yeye ni Sarah. Huyu Sarah, aliyechezwa na Emilia Clarke, amelelewa tangu mwaka 1973 na mashine anayoiita Pops, ambayo nyama yake ya nje imezeeka kama ya binadamu. Anajua kutumia bunduki, anajua vita vitaanza lini, na anajua kwamba kuna mwanamume atakuja, atampenda, kisha atakufa.

Hapo palikuwa na filamu kamili. Msichana aliyeambiwa tangu utotoni atampenda nani ana kila sababu ya kumchukia mtu huyo kabla hajamwona, na mwanamume aliyevuka muda kwa ajili ya picha ana kila sababu ya kuvunjika moyo anapokutana na mtu tofauti na picha. Kuna mahali ambapo Clarke anaugusa ukaidi huo, sauti yake ikibeba uchovu wa mtu ambaye hajawahi kuchagua lolote maishani. Filamu haimpi nafasi. Kila mazungumzo yanapoanza kukolea, kitu kinalipuka.

Tukio lililotangazwa kuliko yote ni lile la Griffith Observatory. Schwarzenegger wa 1984 anasimama uchi kilimani kama alivyosimama katika filamu ya kwanza, na Schwarzenegger mzee anatokea gizani kumkabili. Sura ya yule kijana ilijengwa na mafundi wa kampuni ya MPC kwa kompyuta, huku mwili wa mjenga misuli Brett Azar ukitumika wakati wa kupiga picha. Kwa mwaka 2015 ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, na dakika kadhaa mtu anasahau kwamba anatazama hesabu za kompyuta.

Lakini tazama linalofuata. Wanapigana, Pops anaelekea kushindwa, kisha Sarah anafyatua bunduki kubwa kutoka mbali na yule kijana anaanguka. Imekwisha. Muuaji aliyehitaji filamu nzima ya dakika 107, maisha ya Reese, lori la mafuta na mtambo wa kiwandani ili asimame, ameondolewa kabla Reese hajavaa suruali vizuri. Muda si mrefu T-1000 naye anavutwa mtegoni na kuyeyushwa kwa tindikali. Maadui wawili waliotisha kizazi kizima wamefutwa ndani ya theluthi ya kwanza ya filamu, na waliowafuta hawajapoteza hata rafiki mmoja. Waandishi walidhani wanaonyesha jinsi mambo yalivyobadilika. Kwa mtazamaji ujumbe ulikuwa mwingine: hivi vitu vya chuma si hatari tena. Filamu ikishamwambia hivyo mapema, saa nzima na zaidi iliyobaki itakuwa na kelele bila tishio.

Adui wa tatu alipaswa kuliokoa hilo. Sarah na Reese wanaruka hadi mwaka 2017, San Francisco, na huko wanapokewa na John Connor mwenyewe, mtoto wao ambaye hawajamzaa, mtu mzima kuliko wote wawili. Pops anampiga risasi bila kusita. John amegeuzwa na Skynet kuwa T-3000, mwili wake ukiwa chembechembe za mashine. Steringi wa filamu nne amekuwa adui. Katika mikono iliyotulia, hilo ni balaa la kiwango cha tamthilia za Kigiriki: baba anamtambua mwanawe na kulazimika kumuua siku hiyo hiyo, na mama anamlilia mtoto ambaye bado hajambeba tumboni.

Siri hiyo studio iliitoa yenyewe. Trela ya pili, iliyotoka mwezi Aprili 2015, ilimwonyesha John, aliyechezwa na Jason Clarke, akigeuka mashine, na mabango yakamweka na nusu ya uso iliyobanduka. Mwongozaji Alan Taylor hakuficha kwamba hakufurahishwa, kwa sababu alikuwa amepanga matukio yake ili mtazamaji ashtuke pamoja na Sarah. Cameron alikumbwa na jambo kama hilo mwaka 1991: alikuwa amepanga mtazamaji asijue Schwarzenegger ni mlinzi mpaka kwenye ujia wa nyuma ya maduka, bunduki inapoinuliwa mbele ya mtoto, na matangazo yakasema mapema. Tofauti ni kwamba Terminator 2 iliponyang'anywa mshtuko ule ilibaki na mama aliyefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mtoto mtundu asiye na baba, na Dyson. Genisys iliponyang'anywa wake ilibaki na maelezo.

Na maelezo yake ndiyo yaliyoimaliza. Mtu yeyote makini anauliza swali moja: ikiwa John ni mtoto wa Sarah na Reese, na usiku wao wa 1984 haukutokea, huyu anayewawinda amezaliwa vipi? Jibu la filamu ni kwamba muda una matawi. Kila anayerudi nyuma anaanzisha tawi jipya, na John huyu ni wa tawi jingine, kwa hiyo lolote litakalowapata wazazi wake halimgusi. Pops anaongeza kwamba mtu anaweza kukumbuka matawi mawili kwa pamoja, ndiyo maana Reese anaota utoto ambao hakuuishi. Yote hayo anayasema haraka haraka, kwa istilahi nzito, huku wengine wakimsihi anyamaze, kana kwamba filamu inaomba radhi kwa sheria zake.

Matawi kama nadharia hayana ubaya. Waandishi wengi wa hadithi za kisayansi wameyatumia vizuri sana. Ubaya ni kuyatumia pasipo kuyawekea bei. Katika duara la 1984, kila tendo ni la milele. Katika siku zijazo zinazogeuzika za 1991, kila tendo lina uzito kwa sababu nafasi ya kugeuza mambo ni moja. Katika matawi ya Genisys, kitu kikiharibika kipo tawi jingine ambako ni kizima, na Reese anayekufa huku anaishi kule. Hapo mtazamaji analegeza ngumi. Hajui tena amwogopee nani.

Hata chanzo cha Pops hakikusemwa. Ni nani aliyemtuma mwaka 1973 kumwokoa binti wa miaka 9 ziwani? Filamu inajibu kwamba kumbukumbu hizo zimefutwa kichwani mwake. Jibu halisi lilikuwa limewekewa akiba: studio ya Paramount ilikwisha kutangaza tarehe za sehemu mbili zaidi, 19 Mei 2017 na 29 Juni 2018. Hazikutengenezwa. Aliyelipia tiketi mwaka 2015 alilipia utangulizi wa filamu ambazo hazipo, na hilo ni jambo la kumkasirisha mtu kwa haki. Filamu ya 1984 haikumwekea mtu deni la namna hiyo. Ilijieleza yenyewe na kujifunga yenyewe.

Inauma zaidi kwa sababu vipande vizuri vimetapakaa humo ndani. J.K. Simmons, aliyetoka kushinda Oscar mapema mwaka huo huo kwa Whiplash, anacheza polisi aitwaye O'Brien. Mwaka 1984 O'Brien aliokolewa na Reese na Sarah, akaona kwa macho yake chuma kikitiririka kama maji, kisha akaishi zaidi ya miaka 30 akichekwa na wenzake kila alipokisimulia. Anapowaona tena mwaka 2017, hawajazeeka hata siku moja, uso wake unakuwa wa mtu aliyerudishiwa akili zake mbele ya mashahidi. Ni kisa cha kubeba filamu nzima. Anapewa matukio machache, anawasaidia kutoroka, basi hatumwoni tena.

Vivyo hivyo wazo la Genisys yenyewe. Safari hii Skynet haitoki kwenye maabara ya jeshi. Ni programu ya kuunganisha simu, kompyuta, nyumba na silaha za taifa, na watu wanaingoja kwa hamu, saa ikihesabu kurudi nyuma kuelekea uzinduzi. Mwaka 2015 hilo lilikuwa wazo lililokwenda na wakati wake hasa: maangamizi yanayopakuliwa kwa hiari. Lakini hakuna mtu mmoja wa kawaida tunayemfahamu anayeingoja programu hiyo, na hakuna anayebeba uzito kama Dyson wa filamu ya pili. Familia ya Dyson imo, baba na mwana, ikionyeshwa kwa haraka mno kiasi kwamba asiyezijua filamu za zamani hawezi kujua kwa nini jina hilo linapaswa kumshtua. Maangamizi yamebaki kuwa saa ukutani.

Vishindo navyo vilipungukiwa uzito. Katika Terminator 2 rubani Chuck Tamburro alipitisha helikopta halisi chini ya daraja la barabara kuu, na Cameron akashika kamera mwenyewe baada ya wapiga picha kukataa hatari ile. Jicho linatambua kitu halisi hata kama mtu hajui linavyotambua. Katika Genisys basi la shule linapinduka juu ya Golden Gate, helikopta zinafukuzana katikati ya maghorofa, Pops anajirusha kutoka helikopta moja hadi nyingine, na mikono ya mtazamaji imetulia mapajani. Filamu pia ilipunguzwa makali ili ipate daraja la PG-13 na vijana waingie bila mzazi, ilhali tatu za kwanza zilikuwa za watu wazima. Muuaji asiyeruhusiwa kumwaga damu ana kazi ngumu ya kutisha.

Hata hivyo, kwa jumla, Genisys iliingiza takriban dola milioni 440 duniani kote. Kwa nini basi inahesabiwa kuwa imeshindwa? Kwa sababu fedha ya tiketi haiendi yote kwa studio. Marekani studio hubaki na takriban nusu. China, ambako Genisys iliingiza takriban dola milioni 113, zaidi ya ilichopata nyumbani, studio ya kigeni hupata asilimia 25 tu ya mapato. Ukitoa pia gharama za matangazo, ambazo hazimo ndani ya ile bajeti ya milioni 155, kinachobaki hakitoshi kumshawishi mtu aweke fedha kwenye sehemu mbili zaidi.

Haraka ya kuitengeneza nayo ilikuwa na historia. Ile dola moja ya Hurd ilianzisha safari ndefu ya haki za kisa hiki. Kampuni ya Carolco, iliyotengeneza Terminator 2, ilifilisika mwaka 1995. Halcyon, iliyotengeneza Salvation, ikafilisika mwaka 2009, na haki zikauzwa kwa mfuko wa uwekezaji uitwao Pacificor. Mwaka 2011 Megan Ellison, binti wa tajiri wa Oracle, akazinunua, na hatimaye kazi ikawa mikononi mwa kaka yake David na kampuni yake ya Skydance. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inampa mtunzi aliyeuza kazi yake nafasi ya kuidai tena baada ya miaka 35, na kwa filamu ya 1984 hesabu hiyo inaangukia 2019. Mnunuzi wa namna hiyo hatafuti hadithi moja nzuri. Anatafuta filamu tatu kabla mlango haujafungwa.

Salvation ilitangazwa kuwa mwanzo wa filamu tatu mpya. Genisys vilevile. Baada yake Terminator: Dark Fate ya 2019 ikatangazwa hivyo hivyo. Hakuna hata moja iliyopata sehemu yake ya pili. Mara tatu mfululizo waandishi walitakiwa kutunga mwanzo, mara tatu wakaacha majibu kwa ajili ya baadaye, na mara tatu baadaye hiyo haikufika. Waliofanya kazi ndani yake nao waliumia. Taylor alikuja kusema kwamba baada ya Genisys na filamu yake ya Marvel alipoteza hamu ya kutengeneza filamu, na Emilia Clarke akaeleza kwamba alipumua alipojua hakutakuwa na mwendelezo.

Cameron, aliyekuwa ameisifu Genisys katika video ya matangazo kabla haijatoka, alirudi katika Dark Fate kama mtayarishaji na kuifuta yote iliyotokea baada ya filamu yake ya pili. Mwongozaji alikuwa Tim Miller, na Linda Hamilton akarudi, mvi kichwani, akiwa na nguvu ya kuijaza skrini peke yake. Lakini katika dakika za mwanzo kabisa mashine inamuua John Connor akiwa bado mtoto, na kila alichokifia Dyson kinaishia kwenye meza ya mgahawa wa ufukweni. Skynet haipo, nafasi yake ipo kompyuta nyingine iitwayo Legion, na vita ni vile vile. Filamu hiyo ni bora kuliko Genisys kwa kila kipimo cha ufundi. Iligharimu takriban dola milioni 185 na kuingiza takriban milioni 261, pungufu mno ya Genisys. Waliodanganywa 2015 hawakurudi kuangalia kama safari hii ni kweli. Cameron mwenyewe alikuja kukiri mwaka 2022 kwamba kung'ang'ania Schwarzenegger na Hamilton kuliifanya ionekane kama filamu ya mababu.

Kilichofuata kilitoka Japani. Terminator Zero, katuni ya Netflix iliyoandikwa na Mattson Tomlin, ilitolewa tarehe 29 Agosti 2024, siku ile ile ya maangamizi katika kalenda ya kisa hiki. Haina Schwarzenegger wala mtu wa ukoo wa Connor. Inafanyika Tokyo mwaka 1997, na mpiganaji aitwaye Eiko anatumwa huko kutoka 2022. Muda ndani yake una matawi, kama wa Genisys, ila kabla hajaondoka Eiko anaelezwa maana yake: akifanikiwa ataokoa watu wa tawi jingine, na wale anaowaacha nyuma, dunia yake na watu wake, hawatapata chochote. Hawezi kurudi kuwaona. Anakubali na kwenda, na kuanzia hapo kila pigo analopata linamgusa mtazamaji, kwa sababu anajua Eiko amekwisha kutoa nini. Msimu huo wa vipindi 8 ulipoisha, Netflix haikuagiza mwingine.